Muzee na kalamu: buku ya mutu aliyetoka kazini ni ya nani?



Zamani hapa Kolwezi, mutu akimaliza kazi, jirani walijua atafanya nini. Atanunua mashini ya kusaga unga, ao atatafuta shamba upande wa Nzilo, ao atafunga mizigo na kurudi mu mugini kwao. Wengine walibaki tu mu nyumba ya kambi, wakisikiliza radio na kungojea pansioni. Siku hizi tunaona jambo lingine pia. Muzee anamutuma mujukuu dukani kununua kaye. Si kaye moja, ni tano ao sita. Asubui, mbele ya jua kuwa kali, anakaa chini ya muembe na kuandika. Nyuma ya mwaka mumoja ao miwili anagonga mulango kwa mwalimu: "Mwalimu, uniangalilie haya maandiko. Minataka kutosha buku."

Sisi walimu tunayajua mambo haya kwa sababu kaye hizo zinafika kwetu. Tunaombwa kusahihisha kifaransa ao kiswahili, kutia nukta, kisha kumuonyesha muzee kijana wa kompyuta atakayepiga maandiko yake. Wamoja wanalipa uchapaji kwa falanga yao ya mwisho. Wengine wanasaidiwa na watoto walio Lubumbashi ao Ulaya. Buku inatoka, kopi 50 ao 100, inagawanywa siku ya sikukuu ya familia, na basi.

Kijitabu hiki kinazungumzia desturi zetu. Mutu anaweza kuuliza: buku ya muzee wa pansioni inaingia namna gani mu desturi, na bankambo hawakuandika? Sisi tunawaza kwamba inaingia kabisa, kwa sababu swali lake ni la zamani. Mutu akikumbuka, anakumbuka kwa ajili ya nani? Na nani ana haki ya kumwambia: "Hapa umesahau"?

Wenye kucheka na wenye kusifu

Kuna wenye kucheka. Wanasema: "Muzee amekosa kazi. Alikuwa fundi wa umeme miaka 30, leo anataka kuwa Senghor!" Wengine, hasa watoto wake, wanapiga hesabu: falanga ya kuchapa buku ingetosha kununua mabati. Hao hatuwezi kuwazarau. Mu nyumba ambamo masomo ya watoto hayajalipwa, buku ni muzigo muzito. Lakini wale wanaosema tu kwamba uzee si wakati wa kuandika, hao wanakosea. Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza Tanzania tangu 1985 mpaka 1995, alitoa buku ya maisha yake kwa kiswahili mu mwaka 2021, na alikuwa na miaka 96.

Kuna na wenye kusifu. Hao wanapenda kumukumbusha Amadou Hampâté Bâ wa Mali, ambaye mwaka 1960, kule UNESCO, alifananisha kifo cha muzee wa Afrika na kuungua kwa nyumba ya vitabu. Neno hilo limezunguka dunia mpaka limekuwa kama mezali. Yeye mwenyewe alilifuata: uzeeni aliandika kumbukumbu zake, na buku ya kwanza ya kumbukumbu hizo ilitoka mu 1991, mwaka uleule aliofariki.

Sisi hatuko upande wa wenye kucheka. Lakini hata wenye kusifu hatuwafuati mpaka mwisho. Mu nyumba ya vitabu kuna mabuku mengi, na moja inaweza kukanusha ingine. Muzee mumoja ni buku moja tu. Na buku moja, ikiwa peke yake, inaweza kupotea njia bila mutu wa kuirudisha.

Sababu gani wanaandika

Muji wetu ulianza mwaka 1937 kwa sababu ya shaba. Union Minière, iliyoundwa mu 1906, ilimupa mutumishi nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto. Mwaka 1967 serikali ilichukua kazi hiyo, na nyuma ikaitwa Gécamines, lakini namna ya kuishi haikubadilika sana: kampuni ilikuwa baba, ilikuwa na mama. Tangu mwaka 1957 ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, na jina hilo njo tulijiita sisi wote: bana Shaba. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatosha zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 machimbo ya Kamoto, yale ya chini ya udongo, yalibomoka. Kisha mishahara ikaanza kukawia, nyuma ikakosekana. Mu 2003 na 2004, kwa falanga ya Banki ya Dunia, watumishi 10.655 walitoka kazini kwa mara moja. Jambo hilo liliitwa "kuondoka kwa mapenzi". Wengi waliotoka walisema, na wanasema mpaka leo, kwamba mapenzi yale hayakuwa yao.

Mwana-historia Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Universite ya Lubumbashi, alikuwa amekwisha kutoa buku mu 2001 juu ya familia za watumishi wa Katanga. Mu kichwa cha buku anawaita bana Shaba walioachwa na baba yao. Kichwa hicho peke yake kinasema mengi.

Mutu aliyeitwa kwa matrikule miaka 30, siku moja anaambiwa kwamba namba yake imefutwa. Anabaki na nini? Anabaki na jina lake, na mambo aliyoyaona kwa macho. Njo sababu anatafuta kaye. Wenye kumucheka wanaona majivuno. Sisi tumesoma kaye zile, na tumeona zaidi hofu: hofu ya kwamba mutu anaweza kutumika maisha mazima mu giza la machimbo, na pasipatikane hata mustari mumoja wa kusema alikuwako. Hofu hiyo haina haya. Ni ya kila mutu.

Wawili waliotutangulia

Kuandika maisha uzeeni si kitu kipya mu kiswahili. Tutataja watu wawili, mumoja mukubwa na mumoja mudogo, kusudi tuone tofauti.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule dunia inamuita Tippu Tip. Alifanya biashara ya pembe na ya watumwa. Alitawala mpaka Nyangwe na Kasongo, upande wa chini wa muto uleule Lualaba unaopita karibu na sisi, na uliolipa jimbo letu jina lake mu 2015. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, akaacha safari. Kule, mu uzee wake, aliandika maisha yake kwa kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuombwa na Mujerumani Heinrich Brode. Maandiko yalichapishwa Berlin mu 1902 na 1903. Yeye akafariki mu 1905. Kwa historia, ni mali kubwa. Safari ziko mule, vita viko, masultani wako, frasila za pembe ziko. Lakini soma tena na uulize: wale waliofungwa minyororo, wanasema wapi? Hawasemi. Muandishi ni mwenye bunduki, na hakuna aliyekaa pembeni yake kusema: "Bwana, hapa umesahau watu."

Wa pili ni André Yav. Huyu alikuwa boyi, mutumishi wa mu nyumba za wazungu. Mu 1965, kule Elisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi, aliandika maandiko yaliyoitwa "Vocabulaire" ya muji ule. Kwa kichwa unawaza ni kamusi. Si kamusi. Ni historia ya muji, ya Union Minière, ya wazungu na ya watu wetu, iliyosemwa na wale waliopika, waliofua, waliosimama nyuma ya kiti wakati wa kula na kusikia yote. Na Yav hakuandika kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Aliandika kwa ajili ya chama cha wazee waliokuwa maboyi kama yeye. Kiswahili chake ni kile cha kwetu, kile kisichoogopa mwalimu.

Maandiko ya Yav yalikuwa magumu kusoma, kwa sababu aliandika sawa vile mutu anasema: maneno mengine yalishikana, mengine yalikatwa pasipofaa. Johannes Fabian, mwana-antropolojia aliyefundisha Lubumbashi mu miaka ya 1970, alipotaka kuyaelewa vizuri, alimuomba Kalundi Mango, mutu mwenye kujua kiswahili hicho, ayasome kwa sauti. Karatasi ilirudi kwanza mu kinywa, kisha maana ikaonekana. Kazi hiyo yote ilichapishwa Amsterdam mu 1990. Tulipojifunza jambo hilo, tulisema: kumbe mule njo kuna fundisho. Buku ya Yav ilitoka mu vinywa vya wengi, na haikufunguka mpaka iliporudi mu kinywa.

Desturi ya kusema mbele ya wengine

Tuangalie sasa bankambo wenyewe. Ni kweli hawakuandika kwa wino, lakini walikuwa na vyombo vya kukumbuka. Waluba walikuwa na lukasa, ubao mudogo wa kushika mu mukono, wenye shanga na makombe. Kila shanga, kwa mahali pake na rangi yake, inaweza kukumbusha mufalme, safari, ao mahali patakatifu. Wenye kuusoma walikuwa watu wa chama cha mbudye, waliofundishwa kazi hiyo kwa muda murefu. Na lukasa haisomwi na mutu peke yake mu chumba. Inasomwa kwa sauti, kwa kuimba, mbele ya watu. Ubao hausemi kitu kama hakuna kinywa na masikio.

Hata pasipo lukasa, kila mutu aliyekaa mu mukutano wa wazee anajua namna mambo yanavyokwenda. Muzee anaanza: "Nkambo yetu alivuka muto pamoja na wake wawili." Mwingine anakohoa: "Watatu." Muzee anasimama, anawaza, anasema: "Ndiyo, watatu, yule mudogo alikufia njiani." Hakuna anayekasirika. Njo kazi ya wale waliokaa: kuitikia, kukohoa, kurudisha njiani. Hata mu kesi ya ndoa ao ya shamba ni vilevile: ukisema peke yako, neno lako ni nusu. Wazee wa Pwani wanasema: penye wazee haliharibiki neno. Angalia vizuri, mezali hiyo haisemi "penye muzee". Inasema "penye wazee".

Kwa hiyo, wakati muzee wetu anakaa chini ya muembe na kaye yake, kuna kitu anakipata na kuna kitu anakipoteza. Anapata neno lisilokufa. Anapoteza wale wa kukohoa. Karatasi inapokea yote. Ukiiandikia wake wawili, itabaki na wawili mpaka mwisho wa dunia.

Kaye saba

Tunaleta hapa jambo moja tuliloliona wenyewe. Hatutaji jina la mutu, wala la mutaa.

Muzee mumoja aliyetumika mu machimbo miaka mingi alituletea kaye saba. Alikuwa na mwandiko muzuri, ule wa masomo ya zamani. Tulisoma kwa furaha. Kulikuwa utoto wake, safari ya kuja Kolwezi, kazi ya kwanza, muzungu mukali na muzungu muzuri, ndoa, vita vya 1978, watoto, masomo yao. Mu kaye ya sita alifika mwaka 1991. Tukageuza ukurasa: 1995. Tuliwaza kwamba kaye moja imepotea. Tukahesabu. Hakuna iliyopotea.

Wasomaji wetu wa hapa wanajua kitu gani kiko kati ya miaka hiyo. Mu 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa mu Katanga, na hapa Kolwezi pia. Watu waliozaliwa hapa, waliotumika hapa, waliozika wazazi wao hapa, walilala wiki na miezi kwenye kituo cha treni, na watoto wao, wakingojea gari la kuwapeleka mahali wengine hawajaona hata siku moja. Wengi walikufa, pale kituoni na njiani. Sisi tunaoandika haya tulikuwa mutoto wa miaka 12 hivi. Mu darasa letu, benchi mbili zilibaki bila watu. Mwalimu alisimama, akaangalia benchi, akaandika hesabu ubaoni. Hatukuuliza kitu. Mpaka leo tunakumbuka hesabu ile ilikuwa ya kugawanya.

Tulimwendea muzee. Tulisema: "Baba, hapa miaka mitatu haiko."

Alinyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, ile miaka ilikuwa mibaya. Bajikulu bangu njo batasoma hii buku. Minataka bapate kitu kizuri."

Tulipaswa kusema neno. Hatukusema. Tulitia nukta na mikato, tukarudisha kaye, tukapokea kuku wa asante. Njiani tulisikia haya. Tuliona kwamba tumefanya sawa na mwalimu wetu wa zamani: tumeangalia benchi tupu, na tukaendelea na somo.

Je, mutu ana haki ya kunyamaza?

Hapa njo swali lenyewe. Maisha ni yake, kaye ni yake, falanga ni yake. Kwa haki gani mwalimu atamwambia mutu mwenye mvi aandike kile asichotaka?

Kwanza, tukubali kwamba kunyamaza kunaweza kuwa kuzuri. Desturi yetu inajua siri. Mambo ya mukanda, kule wavulana wanatahiriwa, hayasemwi mbele ya kila mutu. Siri ya kitanda haisemwi. Ugonjwa wa mwingine hausemwi. Mutu anayetaja yote mu buku yake si mukweli kuliko wengine. Mara nyingi ni mukosefu wa adabu tu. Wamoja wanatumia buku kwa kulipiza kisasi: bibi wa kwanza, mukubwa wa kazi, ndugu aliyekula urizi. Muzee wa namna hiyo tunamuomba aache kalamu mpaka moyo upoe.

Lakini si kila kunyamaza ni siri. Sisi tunapima kwa swali moja: mutu akinyamaza, nani anapona? Kama anayepona ni mwingine, ni siri, na inastahili heshima. Kama anayepona ni yeye mwenyewe tu, na yule mwingine anabaki na maumivu yake bila shahidi, basi si siri tena. Ni deni. Na deni halifutwi kwa kurukwa mu kaye. Linapita kwa watoto. Mezali nyingine inasema: mficha uchi hazai. Muzee anataka kuwazalia wajukuu neno. Atazaa namna gani ikiwa amefunika mahali palepale?

Pili, wengine wanasema: "Mambo hayo yatafungua kidonda." Hofu hiyo ni ya kweli, na hatuichezei. Hapa kwetu maneno yameua watu. Njo maana tunatofautisha kushitaki na kukiri. Hatumuombi muzee ataje nani alifanya nini, wala kabila gani lilikosea. Aandike mulango wake mwenyewe: siku ile, nani aligonga, na yeye alifungua ao hakufungua. Milango ya wengine awaachie wenyewe. Kidonda kinafunguliwa na yule anayenyoosha kidole kwa jirani. Yule anayejionyesha mwenyewe, kidonda chake kinaanza kukauka.

Tatu, wengine wanasema: "Wajukuu wanahitaji kitu kizuri." Ni kweli. Lakini wajukuu wetu si vipofu. Wanaishi na watu wa Kasai waliorudi, wanasoma nao, wanaoana nao. Siku moja rafiki atawaambia kile babu hakuandika. Siku hiyo hawatasema tu kwamba babu alisahau miaka mitatu. Watakuwa na mashaka hata juu ya ile mingine, juu ya muzungu mukali na muzungu muzuri, juu ya kazi yake yote ya giza. Muzee anaweza kupoteza buku nzima kwa sababu ya kurasa chache zilizokosekana.

Kaye ya nane

Tulirudi kwa muzee nyuma ya wiki tatu. Hatukuenda na mafundisho. Tulimweleza tu ile benchi mbili, na hesabu ya kugawanya. Tulisema: "Baba, na sisi tulinyamaza." Hakujibu. Tulikunywa chai, tukaaga.

Miezi miwili ikapita. Kisha alimutuma mujukuu atuite siku ya mungu, nyuma ya misa. Tulikuta viti vimewekwa uani. Walikuwako rafiki zake wawili wa machimbo, kaka ya bibi yake, na mama mumoja jirani, aliyefukuzwa mu 1993 na kurudi Kolwezi nyuma ya miaka. Muzee alikuwa na kaye mupya. Kurasa nne tu. Alisoma mwenyewe, kwa sauti ndogo. Aliandika kwamba jirani yake wa ukuta, fundi mwenzake, aligonga mulango usiku kuomba alale na watoto. Aliandika kwamba alizima taa na hakufungua, kwa sababu aliogopa nyumba yake kuchomwa. Asubui jirani hakuwako tena.

Watu walinyamaza. Rafiki mumoja akakohoa: "Haikuwa usiku. Ilikuwa jioni, bado kuna mwangaza. Nilikuwa mu njia, nilimuona." Muzee alikubali kwa kichwa, akaandika juu ya kaye. Kisha sauti ikatoka mu jikoni, ya bibi yake: "Baba, useme yote. Na ile mashini ya kushona?"

Hapo njo tulijua. Siku mbili mbele ya jioni ile, bibi ya jirani alileta mashini yake ya kushona, aliomba bamuwekee mpaka mambo yatulie. Mashini bado iko mu chumba, chini ya kitambaa. Kwa miaka yote, binti za nyumba wameshonea nguo zao pale. Muzee hakuificha kwa kutaka. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ile mashini ina mwenyewe. Mulango aliukumbuka, kwa sababu ulimuuma. Mashini ilimusaidia, na kile kinachokusaidia ni rahisi kukisahau.

Mama jirani alisema neno moja tu: "Singer yetu, sisi, hatukujua tuliiacha kwa nani."

Hatutasema kwamba siku ile yote ilitengenezwa. Mama yule alirudi kwake mapema, na hatukujua alikuwa anawaza nini. Buku bado haijachapwa, falanga haijatosha. Lakini kurasa nne zimekuwa kurasa tisa, na muzee anauliza kwa watu wa treni, wale wa Mwene-Ditu na wa Mbuji-Mayi, kama kuna mutu anayejua familia ile ilishukia wapi. Kitambaa kimeondolewa juu ya mashini. Hakuna anayeshonea pale tena.

Shauri letu

Kwa hiyo, buku ya mutu aliyetoka kazini ni ya nani? Ni yake, kwa sababu mukono ni wake. Ni vilevile ya wale walio mule ndani, hata wale waliofukuzwa, hata waliokufa, kwa sababu bila wao hangekuwa na kitu cha kuandika. Yeye ni mwenye kushika kalamu. Mwenye mali ni wengi.

Kwa wazee wetu wanaoandika, tunasema: endeleeni, tunawaheshimu. Lakini mbele ya kupeleka maandiko kwa uchapaji, wekeni viti uani. Someni kwa sauti. Muite yule mwenye kukumbuka vingine, na musisahau yule aliye jikoni. Muache wakohoe. Desturi hiyo haiombi falanga hata moja, na inapita kazi yote ya mwalimu.

Kwa watoto wao: musiwacheke, na musiwasifu tu. Kaeni pembeni yao, muulize.

Na kwa wenzetu walimu, tunaopewa kaye: kazi yetu haiishi kwa nukta na mikato. Tukiona miaka haiko, tuulize iko wapi. Tuulize kwa adabu, tukiwa tumeanza na yetu.